Kwa nini jua halipatwi kila mwezi?

Swali: Ninafundisha sayansi shule ya msingi. Nilichora ubaoni jua, mwezi na dunia kama kitabu kinavyoonyesha, nikaeleza kwamba mwezi ukikaa kati ya jua na dunia, jua linapatwa. Dunia ikikaa katikati, mwezi ndio unaopatwa. Mwanafunzi mmoja akauliza: mwezi si unaizunguka dunia kila mwezi? Mbona basi jua halipatwi mara kumi na mbili kwa mwaka? Kitabu kinajibu kwa mstari mmoja tu, kwamba njia ya mwezi imeinama nyuzi 5. Wanafunzi wanaona nyuzi 5 ni kidogo mno, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Je, kuna namna ya kuwaonyesha kwa vifaa rahisi? Wanauliza pia wataalamu wanajuaje tarehe miaka mingi kabla.

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako amefikiri sawasawa. Kwa mchoro aliouona ubaoni, jua lilipaswa kupatwa kila mwezi, na nyuzi 5 zisingebadilisha kitu. Kasoro iko kwenye mchoro wenyewe.

Chukulia umechora dunia yenye kipenyo cha sentimita 10 na mwezi umeuweka sentimita 30 pembeni, kama vitabu vingi vinavyofanya. Kwa umbali huo, kuuinua mwezi kwa nyuzi 5 ni kuupandisha sentimita 2.6 tu. Kutoka kitovu cha dunia hadi ukingo wake ni sentimita 5, kwa hiyo kivuli cha mwezi bado kitaipiga dunia. Lakini dunia ya sentimita 10 inadai mwezi wa sentimita 2.7 uliowekwa umbali wa mita 3, yaani pengine nje kabisa ya ubao. Kwa mita 3, nyuzi zilezile 5 zinaupandisha mwezi sentimita 26. Hapo kivuli chake kinapita mbali juu ya dunia bila kuigusa.

Hivi ndivyo hali ilivyo angani. Kipenyo cha dunia ni kilomita 12,742, cha mwezi kilomita 3,474, na umbali wa wastani kati ya vitovu vyao ni kilomita 384,400, sawa na dunia 30 zilizopangwa mstari mmoja. Mwinamo wa njia ya mwezi, ambao hasa ni nyuzi 5.1, unauwezesha kupanda au kushuka hadi kilomita 34,000 hivi kutoka kwenye bapa ambamo dunia inalizunguka jua. Kivuli kizito cha dunia, yaani ile sehemu ambayo jua limezibwa lote, kinapungua unene kadiri kinavyokwenda mbali, na mahali mwezi unapokatiza kimebaki na upana wa kilomita 9,200 tu. Nusu yake ni 4,600. Mwezi unaoweza kupanda kilomita 34,000 una nafasi tele ya kupita pembeni. Kwa upande wa jua nafasi ya kupatwa ni kubwa kidogo: ili japo ukingo wa kivuli hafifu cha mwezi, yaani ile sehemu ambayo jua limezibwa kiasi tu, uiguse dunia popote pale, mwezi usiwe juu au chini ya mstari wa jua na dunia kwa zaidi ya kilomita 10,000 hivi. Miezi mingi unakuwa umeupita mpaka huo.

Takwimu hizi wanafunzi watazisahau kesho yake, kwa hiyo tengeneza mfano wenye vipimo vya kweli. Kipimo kinachofaa zaidi ni sentimita 1 kwa mwezi. Kwa kipimo hicho dunia ni sentimita 3.7, na kutoka kitovu hadi kitovu ni sentimita 110 na nusu. Jua lingekuwa la mita 4 na lingesimama umbali wa mita 430, lakini hulihitaji, kwa sababu utatumia jua lenyewe. Upana wa jua machoni petu ni kama nusu ya nyuzi, na upana huo ndio unaoamua urefu wa kivuli cha gololi yako, yaani ule mwezi wa sentimita 1, sawa na unavyoamua urefu wa kivuli cha mwezi. Ndiyo maana ufito na gololi mbili chini ya jua la kweli vinatoa vivuli vyenye uwiano sahihi kabisa, kitu ambacho tochi haiwezi kukupa.

Tafuta ufito ulionyooka wa sentimita 130. Usiwe mwembamba wa kupinda katikati, kwa kuwa hata kupinda kwa milimita 5 ni nusu nzima ya mwezi wako. Finyanga dunia na mwezi kwa udongo au plastisini nyeupe, na upime kwa rula badala ya kukadiria kwa macho. Kosa la kawaida hapa ni kuufanya mwezi mkubwa: gololi ya sentimita 1 inaonekana ndogo kupita kiasi, na mkono unavutwa kuiongezea udongo. Zichomeke kwenye waya mwembamba usiozidi milimita 1 unene, kwa maana msumari mnene unatupa kivuli chake na kuharibu unachotaka kuona. Vitovu vya gololi zote mbili viwe juu ya ufito kwa kimo kilekile, tuseme sentimita 5. Kwa ajili ya mwezi, toboa matundu matatu kwenye ufito: sentimita 103, 110.5 na 117 kutoka kwenye dunia. Matundu ya pembeni utayahitaji baadaye.

Fanya jaribio asubuhi au alasiri, jua likiwa chini, ili ufito ulale karibu sawa na ardhi na uweze kuegemezwa kwenye meza. Mwezi uwe upande wa jua, dunia upande wa pili. Mtu anayelenga alipe jua mgongo na atazame vivuli tu. Ni marufuku kwa yeyote kuchungulia kando ya ufito kuelekea jua, na hilo liseme kabla hamjatoka darasani. Sogeza ufito taratibu mpaka kivuli cha mwezi kiangukie dunia. Jua linahama nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ufito ukiuacha umetulia, kivuli kitahama karibu nusu sentimita kila dakika. Wanafunzi watadhani mkono unatetemeka. Waeleze sababu, na uwe tayari kulenga upya kila mara.

Watakachoona ni doa la kijivu lenye upana wa sentimita 2 hivi, lenye kingo zilizofifia. Wengi hufikiri wamekosea kwa kuwa walitarajia duara jeusi lenye kingo kali. Hawajakosea. Doa hilo pana ndilo kivuli hafifu, na kila aliye ndani yake anaona jua limemegwa upande mmoja. Kivuli kizito kinaishia karibu hapohapo kwenye uso wa dunia, kwa ncha. Hamisha mwezi hadi tundu la sentimita 103: katikati ya doa patakuwa na kitone cheusi kisichofika milimita 1. Hicho ndicho eneo ambalo jua linapatwa kikamilifu, ambalo kwa dunia halisi ukanda wake kwa kawaida haupiti kilomita 270 hivi kwa upana. Sasa uhamishie tundu la sentimita 117: kitone kinatoweka, kwa kuwa kivuli kizito kimekatika kabla ya kufika. Mtu aliyesimama hapo angeona mwezi ukiwa mdogo kuliko jua, na ukingo wa jua ukiuzunguka kama pete. Huko ndiko kupatwa kipete. Matundu hayo mawili yanawakilisha umbali mdogo na mkubwa ambao mwezi hufikia, takriban kilomita 356,000 na 407,000, kwa kuwa njia yake si duara kamili. Kwa umbali wa wastani kivuli kinapungukiwa kidogo tu, ndiyo maana kupatwa kipete hutokea mara nyingi kidogo kuliko kupatwa kikamilifu.

Baada ya hapo jibu swali lenyewe. Rudisha mwezi kwenye tundu la katikati, lakini kwa waya mrefu unaoupandisha sentimita 10 juu ya kimo cha dunia. Hizo ndizo nyuzi 5.1. Lenga ufito vilevile kama mwanzo, kisha uwaulize kivuli kiko wapi. Kinapita juu sana ya dunia na kupotelea ukutani. Anza kuushusha sentimita moja moja. Watagundua wenyewe kwamba doa linaanza kugusa dunia pale tu mwezi unapofika chini ya sentimita 3. Kwa maneno mengine, kati ya sentimita 10 za juu na 10 za chini, zinazokubalika ni 3 na 3. Sijui mchoro wa ubaoni unaoweza kuonyesha jambo hili.

Ukigeuza ufito ili dunia iwe upande wa jua, utapata kupatwa kwa mwezi. Kwanza ondoa mwezi na uweke kadi nyeupe mahali pake. Kwenye kadi kutakuwa na kiini cheusi cha sentimita 2.7 hivi, kikizungukwa na ukungu unaofika karibu sentimita 5 kwa jumla. Rudisha mwezi: unaingia wote ndani ya kiini, na nafasi inabaki. Mwezi husogea karibu kipenyo chake kizima kila saa, kwa hiyo unaweza kukaa kivulini kabisa kwa zaidi ya saa nzima, hadi dakika 107 hivi, na nusu yote ya dunia iliyo usiku inauona. Jua likipatwa kikamilifu, giza halizidi dakika 7 na nusu mahali pamoja, tena kwenye ukanda mwembamba. Kwa wastani sehemu moja ya dunia hungoja takriban miaka 375 kati ya kupatwa kikamilifu kwa jua na kungine. Hiyo ndiyo sababu watu wengi wameshaona mwezi ukipatwa na wachache sana wameona jua likizibwa lote. Wasije wakahitimisha kwamba jua hupatwa mara chache kuliko mwezi. Kwa dunia nzima halipatwi chini ya mara 2 kwa mwaka, wakati mwaka mzima unaweza kupita bila mwezi kuingia kwenye kivuli kizito.

Ule wekundu wa mwezi uliopatwa unatokana na hewa ya dunia. Mwanga wa jua unaopita pembezoni mwa dunia unapindishwa na hewa hadi ndani ya kivuli, na njiani rangi ya buluu inatawanywa, ikabaki nyekundu. Dunia isingekuwa na hewa, mwezi ungetoweka kabisa.

Mwanafunzi makini sasa atauliza kinyume: kama njia imeinama, mbona jua linapatwa hata mara moja? Hapa ufito hausaidii tena. Unahitaji mzunguko mzima.

Pinda waya mgumu wa sentimita 190 uwe duara la sentimita 60 hivi kwa kipenyo. Tungika gololi ya dunia katikati kwa nyuzi za kushonea. Duara ni njia ya mwezi. Inua upande mmoja sentimita 2.7 juu ya kimo cha dunia, upande wa pili ushuke kiasi hichohicho. Umepata mwinamo wa kweli bila kuutia chumvi. Kati ya pande hizo kuna sehemu mbili zinazotazamana ambapo waya uko sawa na dunia, haujapanda wala kushuka. Wanafalaki huziita nodi. Zifunge vitambaa vyekundu. Weka taa mezani kwa kimo cha dunia yako, iwe jua.

Sasa mwanafunzi aizunguke taa akilibeba duara, na sharti ni moja: upande ulioinuka utazame ubao muda wote. Hapo ndipo karibu kila mtu anapokosea. Mtu akizunguka kitu hugeuza mwili kukielekea, na duara linageuka pamoja naye, kwa hiyo upande ulioinuka unabaki vilevile mbele ya taa mwaka mzima. Kama mambo yangekuwa hivyo, pasingetokea kupatwa kokote milele. Mwambie auelekeze uso wake ubaoni muda wote, hata kama itambidi atembee kinyumenyume au kiubavu.

Simamisheni zoezi mahali panne. Kwanza, pale mbele ya ubao: upande wa juu na wa chini ndio ulio kwenye mstari wa taa, vitambaa viko kushoto na kulia. Mwezi ukija upande wa taa unapita chini yake au juu yake. Hakuna kupatwa. Songeni robo ya mzunguko: kitambaa kimoja sasa kinaelekea taa, cha pili kinaipa mgongo. Mwezi ukifika kwenye kitambaa unakatiza mstari wa taa na dunia barabara. Robo inayofuata, hakuna tena. Robo ya mwisho, vitambaa vinarudi kwenye mstari. Basi kuna misimu miwili kwa mwaka ambapo kupatwa kunawezekana, ikiachana kwa karibu miezi sita.

Msimu mmoja una urefu gani? Mwezi si lazima uwe juu ya nodi kabisa. Jua likiwa ndani ya nyuzi 15 hadi 18 hivi upande wowote wa nodi, panatosha. Kwa kuwa jua huonekana kuhama karibu nyuzi 1 kila siku kati ya nyota, msimu unadumu siku 31 hadi 37. Mwezi mpya, yaani ule wakati mwezi umekaa upande wa jua na hauonekani, hurudi kila baada ya siku 29.5. Msimu ni mrefu kuliko muda huo, kwa hiyo hauwezi kupita bila walau kupatwa kumoja kwa jua. Wakati mwingine unabeba kuwili, mwanzoni na mwishoni. Mwezi mpevu huangukia wiki mbili kabla au baada, ndiyo maana kupatwa kwa jua na kwa mwezi huandamana.

Wape tarehe halisi wazikague. Mwaka 2024: mwezi 25 Machi, kwa kivuli hafifu tu, na jua 8 Aprili, kisha mwezi 18 Septemba na jua 2 Oktoba. Mwaka 2025: mwezi 14 Machi, jua 29 Machi, mwezi 7 Septemba, jua 21 Septemba. Mwaka 2026: jua 17 Februari, mwezi 3 Machi, jua 12 Agosti, mwezi 28 Agosti. Mwaka 2027, jua linapatwa 6 Februari na 2 Agosti. Wiki mbili mbili zinaonekana wazi, na miezi sita kati ya misimu pia. Kuna jambo la tatu wasilolitegemea: misimu inarudi nyuma, kutoka Aprili hadi Februari, kutoka Oktoba hadi Agosti. Sababu ni kwamba mvuto wa jua unaigeuza njia ya mwezi polepole, na nodi zinazunguka kinyume na mwendo wa mwezi, mzunguko mmoja kwa miaka 18.6. Matokeo yake jua hukutana tena na nodi ileile baada ya siku 346.6, karibu siku 19 pungufu ya mwaka. Kwa hiyo lile sharti la kutazama ubao ni kweli kwa mwaka mmoja tu. Kwa usahihi zaidi mwanafunzi angepaswa kuligeuza duara nyuzi 19 kila anapomaliza mzunguko wa taa. Kwa darasa la msingi liache.

Kabla hamjafika kwenye tarehe, angalia kama wanafunzi wako hawachanganyi kupatwa na sura za mwezi. Wengi, hata watu wazima, huamini kwamba mwezi unaonekana nusu au hilali kwa sababu kivuli cha dunia kimeufunika. Kulikanusha hakuhitaji kifaa. Hilali ya mwezi mwandamo huonekana magharibi baada ya machweo, upande uleule lilikozama jua, ilhali kivuli cha dunia siku zote kiko upande ulio kinyume na jua. Kivuli hakiwezi kuwa mashariki na magharibi kwa wakati mmoja. Nusu ya mwezi daima imeangazwa, isipokuwa wakati wa kupatwa. Kinachobadilika ni pembe tunayoitazamia nusu hiyo.

Jaribio la taa na mpira kwenye kijiti, ambapo kichwa cha mwanafunzi ni dunia, ni zuri kwa sura za mwezi na ni baya kwa kupatwa. Kila anapofika kwenye mwezi mpevu, kichwa chake kinauzuia mwanga, na anahitimisha kwamba mwezi mpevu hupatwa kila mara. Kichwa cha sentimita 18 kingetaka mwezi wa sentimita 5 umbali wa mita 5.4, na mkono haufiki hata mita 1. Mwambie auinue mpira juu ya kimo cha kichwa na umweleze waziwazi kwamba hapa vipimo vimevunjwa kwa makusudi.

Kama darasani kuna anayependa hesabu, mwulize kwa nini mwezi hukamilisha mzunguko kwa siku 27.3 lakini mwezi mpya hungoja 29.5. Katika siku 27.3 dunia nayo imesogea karibu nyuzi 27 kulizunguka jua, kwa hiyo mwezi lazima uongeze mwendo wa siku 2.2 ili ulikute jua tena.

Siku ya jua kupatwa kweli, miwani ya kawaida, filamu za eksirei, diski, kioo kilichopakwa masizi na maji ya beseni vyote havifai. Vinapunguza mwanga unaoonekana ila mionzi inayounguza bado inapita, na sehemu ya jicho inayoungua haina hisia ya maumivu, kwa hiyo mtoto hatajua mpaka uoni umeharibika. Kinachofaa ni miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2 isiyo na mkwaruzo, au kioo cha kuchomelea vyuma cha namba 14. Kwa darasa kubwa, tundu la milimita 2 kwenye kadi linatosha: lipe jua mgongo, shika kadi umbali wa mita 2 kutoka ukuta ulio kivulini, na picha ya jua ya milimita 18 au 19 itatokea ukutani, ikimegeka kadiri mwezi unavyoingia. Kadi ikiwa karibu mno utaona umbo la tundu badala ya jua. Mwezi ukipatwa, tazameni kwa macho tu bila hofu yoyote.

Kuhusu kutabiri, siku hizi wataalamu hupiga hesabu za mwendo wa dunia na mwezi moja kwa moja kwa kompyuta, lakini watu wa Babeli walishagundua njia inayohitaji kumbukumbu tu. Ili kupatwa kujirudie karibu kama kulivyokuwa, mwezi mpya uangukie tena kwenye nodi ileile, na mwezi uwe umbali uleule kutoka duniani. Miezi mipya 223 huchukua siku 6,585.32. Kurudi kwenye nodi mara 242 huchukua siku 6,585.36. Kurudi kwenye umbali wa karibu zaidi mara 239 huchukua siku 6,585.54. Mizunguko mitatu isiyohusiana inakutana kwa tofauti isiyofika robo ya siku. Muda huo, unaoitwa Saros, ni miaka 18, siku 11 na karibu saa 8; au siku 10 na saa 8 kama katikati mna miaka mirefu mitano badala ya minne.

Waandikie mfululizo huu wa kupatwa kikamilifu: 30 Juni 1973, 11 Julai 1991, 22 Julai 2009, 2 Agosti 2027. Wahesabu miaka mirefu kila kipande. Kati ya 1991 na 2009 watakwama, kwa kuwa iko mitano na siku 10 zinafikia 21 Julai tu. Hapo ndipo zile saa 8 zinapofanya kazi: kupatwa kwa 1991 kulifikia kilele jioni kwa saa za kimataifa, na ukiongeza saa hizo unavuka usiku wa manane hadi tarehe 22. Saa hizohizo ndizo zinazohamisha kivuli, kwa sababu dunia inakuwa imejigeuza theluthi moja zaidi. Kivuli cha 1973 kilikatiza Afrika, cha 1991 kikapita Hawaii na Mexico, cha 2009 India na China. Baada ya Saros tatu saa 8 zimekuwa 24, na kivuli kinarudi upande uleule: mwaka 2027 kinapita tena Afrika, safari hii kaskazini, kikivuka Misri karibu na Luxor ambako giza litadumu zaidi ya dakika 6. Tarehe ya kupatwa kunakofuata katika mfululizo huo waachie waitafute. Jibu ni 12 Agosti 2045, na kivuli kitakatiza Marekani.